Ichiro Suzuki: Misimu 28 ya Mlinzi wa Nje

Tarehe 11 Aprili 2001, jijini Oakland, Marekani, katika mechi ya besiboli, mkimbiaji Terrence Long alichomoka besi ya kwanza akiitaka ya tatu. Mwenzake alikuwa ameuchapa mpira upande wa kulia wa uwanja, na kila mtu aliona kwamba muda upo. Huko kulia alisimama Mjapani mwembamba, ndiyo kwanza anaanza msimu wake wa kwanza Marekani. Aliudaka mpira, akavuta hatua, akaurusha. Haukudunda hata mara moja. Ulimtangulia Long kwenye besi, naye akatolewa.

Msomaji wa Ngara au Biharamulo aliyekulia kwenye soka ataelewa ukubwa wa tendo hilo akizijua kazi za walinzi wa nje. Ni watatu tu: wa kushoto, wa kati na wa kulia. Uzio ulio nyuma yao huwa karibu mita 100 au zaidi kutoka kwa mpigaji, sawa na urefu wa uwanja wa mpira wa miguu, na eneo lote hilo wanagawana wao. Wa kulia ndiye anayetakiwa kuwa na mkono mkali zaidi, kwa sababu yeye ndiye aliye mbali zaidi na besi ya tatu.

Mjapani huyo, Ichiro Suzuki, alizaliwa Oktoba 22, 1973. Baba yake, Nobuyuki, alimfundisha tangu utotoni, siku baada ya siku. Hata hivyo, klabu za kulipwa hazikumgombania. Mwaka 1991 Orix BlueWave walimchukua katika raundi ya nne, na kwa misimu miwili alipangwa mara chache tu, huku mtindo wake wa kupiga akiinua mguu ukitiliwa shaka.

Mwaka 1994 alikuja kocha Akira Ogi, akampa namba ya kudumu. Akamwandikia pia mgongoni jina "Ichiro" peke yake, maana akina Suzuki Japani ni wengi mno. Msimu huo alipata mapigo salama 210, rekodi ya ligi wakati huo. Kuanzia hapo akawa bingwa wa upigaji kwa miaka saba mfululizo. Januari 1995 tetemeko la ardhi liliubomoa mji wa Kobe, yalikokuwa makao ya timu. Mwaka huohuo BlueWave wakatwaa ubingwa wa ligi yao.

Alipojiunga na Seattle Mariners mwaka 2001, wapo waliohoji kama mwili ule ungewaweza warushaji wa Marekani. Alijibu kwa mapigo 242 na besi 56 za kuiba (yaani kukimbilia besi inayofuata bila mpira kupigwa), akawa Mchezaji Bora na Chipukizi Bora wa ligi yake kwa mwaka mmoja. Mwaka 2004 alifikisha 262 na kuivunja rekodi ya George Sisler, 257, iliyodumu tangu 1920. Kwa miaka kumi mfululizo hakushuka chini ya mapigo 200, na miaka hiyohiyo kumi alitunukiwa Glovu ya Dhahabu kwa ulinzi wake.

Glovu yake aliisafisha mwenyewe. Magongo yake aliyahifadhi ndani ya sanduku lisiloingiza unyevu. Hakuacha kunyoosha viungo, hata akiwa amesimama uwanjani akisubiri mpira. Alistaafu Tokyo tarehe 21 Machi 2019, akiwa na miaka 45 na mapigo 4,367 kwa ligi za nchi mbili. Mwaka 2025 aliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli ulioko Cooperstown, Marekani, kwa kura 393 kati ya 394.

Mchezo huu hauko mbali na Kagera. Ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za watoto kule Williamsport, Marekani, mwaka 2012. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers waliwasajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Dar es Salaam, Mjapani Shinya Tomonari aliuanzisha mchezo katika shule ya Azania, ambako uwanja wa besiboli ulifunguliwa mwaka 2018.

Walimu wa michezo wa Ngara na Biharamulo, mnapochagua vijana wa mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, msimwache yule mwembamba mwenye mbio na mkono wa kurusha mbali. Chama cha besiboli nchini kipo. Waulizeni namna ya kuanza.