Shilingi ya simba katika chenji ya Marikiti

Ukishuka matatu katika barabara ya Digo mjini Mombasa na kukata kuelekea Marikiti, pua itakufikisha kabla ya miguu. Iliki, mdalasini na bizari hukulaki mlangoni. Baada ya hapo ni kusukumana na mahamali wa mikokoteni hadi utakapojikuta katika vichochoro vya maduka yanayoteremka kuelekea Mji wa Kale. Wageni wengi hupita hapa mbio wakienda Fort Jesus. Leo, ndugu msomaji, nakuomba usimame nami kidogo katika duka moja. Hatununui kitu. Tunatazama chenji.

Duka hilo lilikuwa la mjomba wangu. Mwaka wa 2009, nikiwa nimemaliza Kidato cha Nne na nangojea nafasi ya chuo, niliketishwa nyuma ya kaunta kupokea pesa. Mashine ya hesabu hatukuwa nayo. Pesa zilikaa katika droo ya mbao, ile ambayo wazee wa Mombasa huiita mtoto wa meza, iliyogawanywa vyumba vitano kwa vipande vya kasha la majani ya chai.

Siku za kwanza sarafu zote zilikuwa sawa machoni pangu. Kisha nikaanza kuona. Kulikuwa na Moi wa ukubwa mbalimbali, na Kenyatta aliyerudi kwenye sarafu mwaka wa 2005. Mara moja moja akatokea Kibaki, katika ile sarafu ya shilingi 40 iliyotolewa mwaka wa 2003 kuadhimisha miaka arobaini ya uhuru. Hii ndiyo iliyonifungua macho. Watu waliitoa kana kwamba ni ya ishirini, kwa maana haikuonekana mara nyingi nao hawakujisumbua kuisoma.

Ya kwanza niliipokea kimya kimya. Mjomba aliniona.

"Mrudishie mama huyo ishirini yake," akaniambia. "Akitaka kukuachia, akuachie akijua ni nini."

Pia akanipa kanuni: sarafu yoyote niitakayo katika droo, niweke nyingine ya thamani ile ile, kisha nichukue. Basi nikatafuta mkebe wa maziwa nikaanza kukusanya.

Usidhani ni utajiri. Iwapo umewahi kusikia kwamba sarafu kuukuu inaweza kukujengea nyumba, shika mfuko wako vizuri, hasa mtu akikuitisha pesa kwanza ili akutafutie mnunuzi. Sarafu nyingi za zamani zilipigwa kwa mamilioni, na bei yake ni ndogo. Zinazotafutwa ni zile zilizo chache, na ambazo hazijachakaa. Tena usizisugue! Mimi niliichukua shilingi ya Kenyatta ya mwaka wa 1966, mwaka ambao Kenya ilianza kutoa sarafu zake yenyewe, nikaisugua kwa limau na jivu hadi ikang'aa kama kijiko. Muuzaji mmoja wa vitu vya kale alipoiona alicheka tu. Mkusanyaji hutaka rangi ile ile ambayo miaka imeipaka.

Mombasa ni mji wa bandari, na droo yake husema hivyo. Dereva wa lori la Uganda alituachia shilingi 500 yenye kichwa cha korongo. Wasafiri wa Tanga walituletea 200 ya Tanzania, yenye Karume upande mmoja na simba wawili upande wa pili. Hizi zilikuja kwa makosa au kwa ujanja, nami nilizilipia kutoka mfukoni mwangu.

Lakini zilizonikosesha usingizi ni zile zenye tundu. Kabla ya 1966 tulitumia pesa za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka wa 1919. Senti moja, senti tano na senti kumi zilikuwa na tundu katikati. Wazazi wako huenda bado wanaikumbuka ndururu, nayo ni hiyo ya senti tano. Ukiipata yoyote, isome mwaka. Ikiwa ni 1936, litafute jina la mfalme. Mwaka huo Edward VIII wa Uingereza alitawala chini ya miezi kumi na miwili, akajiuzulu ili amwoe Wallis Simpson, mwanamke Mmarekani. Huko kwao Uingereza sarafu zenye sura yake hazikuwahi kutolewa zitumike madukani. Huku kwetu, kwa kuwa sarafu ya tundu haikuwa na nafasi ya kichwa cha mtu, jina lake lilipigwa kwenye senti tano na senti kumi. Bibi wa Kisauni aliweza kununua chumvi kwa pesa za mfalme ambaye Waingereza wenyewe hawakuwahi kutumia sarafu yake.

Na kuna shilingi ya simba. Simba amesimama, nyuma yake kuna milima. Hadi mwaka wa 1946 ilichanganywa na fedha halisi, robo moja ya uzito wake. Upande wa pili ni mfalme. Wa Malkia Elizabeth hutaiona, kwa kuwa sura yake ilipigwa kwenye thumuni, haikupigwa kwenye shilingi.

Alasiri moja mjomba akiwa msikitini, mvulana wa miaka minane hivi aliingia akaagiza robo ya sukari. Akafungua kiganja. Ilikuwa shilingi ya simba ya mwaka wa 1942.

"Ni shilingi," akasema, na kwa hakika ilikuwa shilingi.

Nilimpimia sukari. Nikaweka pesa ya sukari katika droo kutoka mfukoni mwangu, nikaitia ile shilingi mkebeni. Kanuni nilikuwa nimeitimiza. Jumapili yake nikaipeleka kwa muuzaji wa vitu vya kale karibu na Fort Jesus, akanipa shilingi 300.

Siku mbili baadaye aliingia bibi mmoja, mteja wetu wa miaka mingi.

"Mwanangu," akaniambia, "mjukuu wangu alileta shilingi hapa. Ile si ya kutumia."

Mumewe alikuwa kuli wa bandari ya Kilindini. Shilingi hiyo ilitoka katika mshahara wake wa kwanza, na aliitia alama kwa msumari chini ya miguu ya simba ili isije ikachanganyika na nyingine. Tangu afariki, bibi aliifunga katika pindo la leso.

Mjomba alisikiliza hadi mwisho. Hakunigombeza. Alivuta droo, akatoa shilingi 500, akasema, "Nenda."

Nilikimbia. Muuzaji alikuwa amekwisha kumwuzia mtalii wa meli. Alikuwa na nyingine, nayo ya 1942, akataka 400. Nikainunua, nikarudi nikitokwa jasho. Bibi aliipokea, akapitisha kidole gumba chini ya miguu ya simba, kwa kuwa macho yake hayakuona vizuri.

"Hii haina msumari," akasema, akanirudishia.

Kisha akanunua mafuta ya taa, akahesabu chenji yake, akaondoka. Aliendelea kuwa mteja wetu, wala hakulitaja tena jambo hilo. Mwisho wa mwezi mjomba alinikata shilingi 400.

Leo, ukifika katika kichochoro hicho, utakuta duka linauza vifuniko vya simu. Wateja wengi hulipa kwa M-Pesa, iliyoanza mwaka wa 2007, na droo za maduka jirani zimekuwa nyepesi. Sura za marais nazo hazipigwi tena, kwa kuwa Katiba ya 2010 inakataza picha ya mtu kwenye pesa. Sarafu mpya zilizotolewa Desemba 2018 zina twiga, kifaru, simba na ndovu. Simba yuko kwenye shilingi kumi.

Ile ya 1942 ningali nayo. Na kila ninapopewa shilingi kumi mpya katika chenji, kidole gumba hutangulia kupapasa chini ya miguu ya simba.