Mwaka Tuliokula Mbegu

Usiku wa Jumapili, tarehe 9 Desemba 2012, nilikuwa zamu ya usiku kwenye chumba cha kufulia cha hospitali moja hapa Kansas City, upande wa Missouri. Mashine za kufulia mashuka zina kelele, lakini redio ya mzee niliyekuwa nafanya naye kazi ilizizidi. Ghafla akatupa shuka sakafuni.

"Wamemtoa mtoto!"

Nikashtuka. Nilidhani ni msiba, au habari ya polisi. Nikamuuliza, mtoto gani tena? Akanitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia matangani akauliza kwa nini watu wanalia. "Wil Myers," akasema. "Wamemtoa Wil Myers."

Wakati huo nilikuwa na miaka mitatu Marekani na besiboli nilikuwa naijua juu juu tu. Mimi ni mtoto wa Muheza, mpira kwangu ni Simba na Yanga, na mambo ya usajili nayajua: timu ina fedha, inanunua mchezaji, basi. Huku, kumbe, timu hazinunuani wachezaji sana. Zinabadilishana. Ni mali kwa mali kama ile tuliyosoma darasa la nne, chumvi kwa jembe, ila hapa mali yenyewe ni watu. Unampa jirani vijana wako, naye anakupa mtu mzima aliyekwisha kuiva.

Ndicho kilichotokea usiku ule. Royals, timu yetu ya hapa, iliwapa Tampa Bay Rays vijana wanne: Myers, Jake Odorizzi, Mike Montgomery na Patrick Leonard. Yenyewe ikapewa warushaji wawili, James Shields na Wade Davis (baadaye akaongezwa mchezaji mmoja wa kujazia). Mrushaji ni yule anayesimama katikati ya uwanja na kumtupia mpigaji mpira. Mrushaji mzuri anaweza kubeba timu nzima mgongoni kwa siku moja, ila kesho yake hawezi kucheza, mkono lazima upumzike. Shields alikuwa mmoja wa hao. Watu walimwita Big Game James, yaani James wa mechi kubwa. Shida ni kwamba mkataba wake ulikuwa umebakiza miaka miwili tu. Baada ya hapo yuko huru kwenda anakotaka, na kila mtu alijua kwamba Royals haina fedha za kumzuia.

Na Myers? Siku iliyofuata ndiyo alikuwa anatimiza miaka 22. Mwaka ule kwenye ligi za chini alikuwa amepiga mipira 37 hadi jukwaani, na alitajwa mchezaji bora wa ligi hizo nchi nzima. Timu ingekuwa naye miaka sita au zaidi, kwa mshahara mdogo. Alikuwa chipukizi hasa.

Ili uelewe kwa nini mzee wa watu alitupa shuka, ujue kwanza Royals ilikuwa timu gani. Ilitwaa ubingwa mwaka 1985, kisha ikalala. Kati ya mwaka 2002 na 2006 ilipoteza mechi 100 au zaidi katika misimu minne. Mwaka 2009 ilikuwa na mrushaji bora kuliko wote wa ligi yake, Zack Greinke, na bado haikufika popote. Mwishoni mwa mwaka 2010 ikamtoa Greinke kwenda Milwaukee, ikapewa vijana: Lorenzo Cain, Alcides Escobar, Jeremy Jeffress, na huyo huyo Odorizzi. Meneja mkuu, Dayton Moore, akawaambia mashabiki wavumilie, vijana wanakuja. Wakavumilia. Ukienda uwanjani, mzee alinieleza, hukuwa unatazama mchezo uliopo mbele yako. Ulikuwa unahesabu miaka ya watoto walioko ligi za chini: huyu atakuwa tayari mwaka 2013, yule mwaka 2014.

Na sasa meneja yule yule, ambaye juzi alitoa mrushaji akachukua watoto, anatoa watoto kuchukua mrushaji.

Wiki ile yote sikusikia mazungumzo mengine. Kwenye basi, kwenye chumba cha chakula, kinyozi. Watu waligawanyika pande mbili, na sikuona mtu aliye katikati. Upande mmoja ulisema: Moore anaogopa kufukuzwa kazi, ndiyo maana anauza kesho yetu ili ale leo. Upande wa pili ulisema: tumengoja tangu mwaka 1985, hiyo kesho inakuja lini? Mpishi mmoja wa pale hospitalini, mama wa Kikongo kutoka Uvira ambaye besiboli haimhusu hata kidogo, aliwasikiliza wakigombana akaniuliza kwa Kiswahili, "Hawa wanabishania shamba la nani?"

Nilicheka, lakini swali lile lilinikaa. Kwetu Muheza kuna mwaka mvua za vuli hazikuja. Nilikuwa na kama miaka tisa. Mama alikuwa na mahindi ya mbegu, mashuke yaliyofungwa pamoja na kuning'inizwa darini juu ya jiko, moshi uyapate wadudu wasiyaguse. Sisi watoto tulijua kwamba yale si chakula. Unaweza kulala na njaa ukiyatazama, na huyagusi. Jioni moja nikamkuta Mama amepanda juu ya kinu, anayashusha. Kaka yangu mkubwa akasema, "Mama, si ni ya mbegu hayo?" Mama akaendelea kufungua kamba. Akasema, "Mbegu haipandwi na maiti." Tukala.

Basi mimi nilikuwa upande wa mzee au upande wa pili? Nilikuwa upande wa mzee. Nilikuwa mtu wa akiba haiozi. Tangu nimefika nilikuwa naweka dola mia mbili hivi kila mwezi kwa ajili ya chuo cha uuguzi. Nilikuwa nasukuma mikokoteni ya mashuka kwenye korido za wodini, nawaona wauguzi, najisemea: mwaka 2014 na mimi nitakuwa nimeshaanza. Kwa hiyo mzee aliposema mtu hauzi kesho yake kwa mkataba wa miaka miwili, nilimwelewa sana.

Januari 2013, wiki chache tu baadaye, kaka akanipigia simu.

"Mdogo wangu, Mama ameanguka kisimani. Nyonga imevunjika."

Madaktari walisema kuna njia mbili. Alazwe, avutwe mguu, asubiriwe mfupa uunge wenyewe, na kwa umri wake huenda asisimame tena. Au afanyiwe upasuaji na kuwekewa kiungo cha chuma, na hiyo inataka fedha, na mapema. Kaka hakuniomba. Alinitajia tu kiasi, kisha akanyamaza. Nyie mnaoishi ughaibuni mnakijua kimya kile.

Nilikuwa na dola 6,200 benki. Nikatuma 5,000.

Nisijifanye mtakatifu hapa. Usiku ule nilikaa kitandani na simu mkononi nikipiga hesabu ambazo nilizionea aibu. Mama ana miaka sitini na nane. Mimi nina thelathini na moja. Akipona, atatembea miaka mingapi? Nikiwa muuguzi, nitaweza kumsaidia miaka mingapi? Ndiyo hesabu yenyewe ile waliyokuwa wanapiga watu wa Royals: miaka miwili ya huyu kwa miaka sita ya yule. Kwenye karatasi, jibu lilikuwa wazi, nisitume. Nilituma asubuhi kabla sijaenda kulala, nikijua nikilala nitabadili mawazo.

Upasuaji ulikwenda salama. Baada ya wiki mbili nikaongea naye.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu." Akakaa kidogo. "Nasikia na wewe umekula mbegu."

Sikuwa nimemwambia mtu fedha zile zilikuwa za nini. Kaka aliunga mwenyewe.

Msimu wa 2013 ukawapa ushindi wote waliolalamika. Myers akatajwa mchezaji chipukizi bora wa ligi yake akiwa na Rays. Shields alifanya kazi yake, alirusha zamu zaidi ya 220, lakini Royals haikuingia kwenye mtoano. Wade Davis, yule mrushaji wa pili, alikuwa anapigwa kila akianza mechi. Mzee alikuwa anakata picha za Myers gazetini na kuzibandika kwenye kabati lake la kazini, kama mzazi ambaye mtoto wake kachukuliwa na shangazi. Mimi nikakitazama kitabu changu cha benki na kukifunga.

Halafu ikaja 2014. Tarehe 30 Septemba Royals ilicheza mechi moja ya kufa na kupona dhidi ya Oakland, na Shields ndiye aliyeanza. Oakland hii ndiyo timu ya kile kitabu cha Michael Lewis, Moneyball, ambacho wengi wenu mmekisoma: timu ya mahesabu. Cha ajabu ni kwamba mwaka ule Oakland nao walikuwa wamekula mbegu. Walimtoa Addison Russell, kijana wao wa thamani kuliko wote, ili wapate warushaji wawili kutoka Chicago. Kwa hiyo uwanjani zilikuwa timu mbili zenye ghala tupu, na moja ilikuwa lazima irudi nyumbani.

Shields hakuwa mtu wa mechi kubwa usiku ule. Kocha Ned Yost akamtoa zamu ya sita, akamwingiza Yordano Ventura, naye mara hiyo hiyo akapigwa mpira ukaenda hadi jukwaani. Uwanja mzima ukamzomea kocha. Zamu ya nane Royals walikuwa nyuma 7 kwa 3. Mzee akazima redio. Nikaiwasha. Akaizima tena. Nilipoiwasha mara ya tatu walikuwa wameanza kuiba vituo, mmoja baada ya mwingine, na zamu ya 12 Salvador Perez akapiga mpira ukapenya kando ya kituo cha tatu. 9 kwa 8. Tulikumbatiana kati ya mashuka machafu, wanaume wazima wawili.

Wakashinda mechi nane mfululizo, wakafika World Series, wakapoteza mechi ya saba dhidi ya San Francisco, 3 kwa 2, mtu wao akiwa amesimama kituo cha tatu. Shields aliondoka kwenda San Diego. Na kule, mwaka 2015, alimkuta nani? Wil Myers, ambaye Rays nao walikuwa wamemtoa. Wale wawili walioligombanisha jiji walikaa chumba kimoja cha kubadilishia nguo, timu ya mtu mwingine.

Aliyebaki Kansas City ni Davis, yule ambaye hakuna aliyemzungumzia usiku wa kwanza. Walimtoa kwenye kuanza mechi, wakampa kazi ya kumalizia, na akawa hagusiki. Usiku wa tarehe 1 Novemba 2015 kule New York, ukielekea kuwa tarehe 2, yeye ndiye aliyerusha mpira wa mwisho. Royals mabingwa, baada ya miaka 30. Julai ile walikuwa wamewatoa vijana wengine watatu kumpata Johnny Cueto, naye akarusha mechi nzima ya pili ya fainali peke yake, akaruhusu mipigo miwili tu. Jumanne yake jiji lilisimama. Walikadiria watu 800,000 barabarani, zaidi ya idadi ya wakazi wa jiji lenyewe.

Mzee, aliyekuwa ameshastaafu, alinipigia simu usiku ule. Alikuwa analia. Nikamwambia, "Mzee, sasa kubali, walikuwa sahihi." Akapenga kamasi. "Sikubali," akasema. "Yule mtoto hawakupaswa kumtoa." Akaendelea kulia kwa furaha.

Wengi wangependa nimalizie hapo. Lakini mwaka 2018 Royals ilipoteza mechi 104, na mwaka uliofuata 103. Ghala lilikuwa tupu kweli. Nilikwenda uwanjani na mzee siku moja ya Septemba, viti vitupu mpaka unamsikia muuza karanga wa upande wa pili. Na mimi uuguzi sikuusoma. Nilianza kuweka dola ishirini ishirini, nikaoa, tukapata mtoto, nikasoma kozi fupi ya kusafisha vifaa vya upasuaji. Ndiyo kazi yangu hadi leo. Kuna siku nikiwaona wauguzi koridoni nafsi inaniuma, na sitasema haiumi.

Mama alitembea miaka minne na nusu, kwa fimbo. Alikwenda shambani, msikitini, harusini. Alikuja kumpokea mjukuu wake stendi ya Muheza kwa miguu yake. Nikiulizwa kama biashara ile ilikuwa nzuri, sijui ipimwe kwa mizani gani.

Ninachokumbuka ni mwaka ule wa njaa. Mvua za masika ziliponyesha hatukuwa na cha kupanda. Mama alijifunga khanga akaenda kwa jirani kuomba mbegu. Alirudi na kibaba kimoja. Tulipanda robo ya shamba, sote tukiwa hai, na robo tatu iliyobaki ikaota magugu.