Moto Usiounguza

Wahenga walisema kuwa dawa ya moto ni moto. Kwa miaka mingi mafunzo ya wazimamoto yalifuata hekima hiyo: jengo liliwashwa, mwanafunzi akaingia, akajifunza. Mafunzo yalikuwa mema, lakini ada yake ilikuwa kubwa. Mwaka 2022, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliitaja kazi ya kuzima moto kuwa miongoni mwa visababishi vya saratani. Na moshi haubagui aliye mazoezini na aliye kazini.

Ndipo ulipoingia ufundi uitwao uhalisia pepe. Mwanafunzi huvaa miwani ya kompyuta, na mara nyumba inayoungua humzunguka pande zote. Akikosea, huanza upya, kwa kuwa kosa la huko haliui mtu.

Je, msomaji wangu, si jambo la heri? Ni heri, lakini ndani yake imo hatari. Mimi nimepata kuvaa miwani ya namna hiyo. Dari iliwaka juu yangu, wala jasho halikunitoka. Hakuna kilichonizuia kusimama wima katikati ya moshi. Katika moto wa kweli mtu hutambaa, kwa sababu moshi wenye joto hupanda juu, na hewa yenye nafuu hubaki karibu na sakafu. Ushujaa usio na joto ni rahisi kuupata, na ni rahisi vilevile kuupoteza.

Kwa hiyo kazi ya msanifu si kuchora ndimi za moto tu. Kazi yake ni kuurudisha uzito ambao kompyuta imeuondoa. Wabunifu wa Chuo Kikuu cha Deakin, nchini Australia, walilitambua hilo: walimvika mwanafunzi kizibao kinachozidi joto kadiri anavyoukaribia moto, wakampa mpira wa maji unaomsukuma nyuma kama ule wa kweli. Hivyo mwili hufundishwa pamoja na jicho.

Huenda kesho wewe nawe utasanifu chombo cha kufundishia wazimamoto, marubani au wauguzi. Utashawishika kukifanya chepesi, maana wepesi hupendwa. Siku hiyo mkumbuke mtu aliyelala katika chumba kilichojaa moshi, akingoja mlango ufunguliwe. Alama alizopata mwokozi wake mbele ya kioo hazitamfaa kitu. Yatamfaa magoti yaliyoizoea sakafu.