Kitabu kidogo cha kujua mlango upi utafunguliwa



Mtu aliyehama kwa sababu ya vita haujui mji kwa majina ya barabara. Anaujua kwa milango: nani anapokea, nani anafukuza, kizuizi gani kinadai pesa, kanisa gani linafungua usiku. Mambo hayo hayako kwenye ramani. Yanapita mdomoni, au yanaandikwa kwenye daftari pamoja na namba za simu. Kwa hiyo, habari ya vitabu viwili vya Marekani naona ninyi mtaielewa haraka.

Cha kwanza kilitolewa mwaka 1936 na Victor Hugo Green, mtu mweusi aliyekuwa mpeleka barua, akiishi Harlem, New York. Aliorodhesha hoteli, mikahawa na vituo vya petroli ambako msafiri mweusi angepokelewa bila matusi. Kiliendelea kutoka hadi miaka ya 1960.

Cha pili ni cha wanaume wanaopenda wanaume wenzao. Najua neno hilo linawakasirisha wengine kati yetu. Sitafuti ugomvi wa dini. Naomba tu tusikilizane. Mwaka 1964 Bob Damron, aliyekuwa mwenye baa, alitoa kitabu cha kuingia mfukoni chenye majina ya baa na anwani zake, mji kwa mji. Wakati huo jimbo moja tu la Marekani, Illinois, lilikuwa limefuta sheria ya kuwaadhibu watu hao. Kwingineko polisi walivamia baa, majina ya waliokamatwa yakatoka kwenye magazeti, na mtu akapoteza kazi, nyumba, hata wazazi.

Kando ya anwani ziliwekwa herufi za kifupi. Herufi nne, AYOR, zilimwambia msomaji: ukienda hapo, ni kwa hatari yako mwenyewe. Herufi B ilionyesha mahali ambako watu weusi walifika, maana hata kati ya waliofukuzwa kulikuwa na milango miwili.

Hapo ndipo moyo wangu uliposimama. Orodha ya namna hii ni taa. Inamwonyesha mgeni njia, na inamwonyesha adui mahali mgeni alipo. Askari naye anajua kusoma. Aliyekutwa na kitabu hicho mfukoni alikuwa amebeba ushahidi dhidi yake mwenyewe. Lakini bila kitabu angezunguka gizani, akabisha mlango usiofaa, akapigwa.

Mambo hayo si ya zamani tu. Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta sheria zilizobaki mwaka 2003. Huku kwetu, sheria ya Kongo haitaji tendo hilo kuwa kosa, ila mtaa una sheria zake. Anayevuka Bunagana kuelekea Uganda anakuta sheria ya mwaka 2023, yenye kifungo cha maisha na hata adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Anayevuka Kavimvira anaikuta ya Burundi, inayoadhibu tendo hilo tangu mwaka 2009. Kijana wa namna hiyo akikimbia risasi pamoja nasi, anakimbia mara mbili: hatari ya pili inaweza kumngoja ndani ya hema, kwa watu wa kwao. Naye hana daftari la kuuliza. Akiliweka kwenye simu, simu inafunguliwa kizuizini.

Mimi kazi yangu ni kutoa habari. Watu huniomba nitangaze nyumba zinazopokea familia, wakidhani tangazo ni msaada siku zote. Kwanza ninamwuliza mwenye nyumba. Akikataa jina lake lisisikike, halisikiki. Ninampa mama mwenye watoto kwa mdomo tu, naye anampa mwingine. Atakayekuja kuniuliza kwa ajili ya kijana yule atapata jibu kwa njia hiyohiyo, na sitamwuliza anampenda nani.

Sisi tuliowahi kubisha milango usiku tunajua swali lile moja: humu nitalala salama? Anayelijua jibu amwambie anayelihitaji, kwa sauti ya chini, bila kuliacha mikononi mwa anayewinda.