Besi kutoka Suji

Katika dansi, mpiga besi ndiye mtu ambaye watu hawamjui jina. Mwimbaji hushangiliwa, mpiga solo hubandikwa noti kwenye paji la uso, na besi hukumbukwa siku ikikosekana. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya marehemu baba.

Alizaliwa Suji, juu kwenye milima ya Upare wa Kusini, kwa Waadventista. Kabla hajagusa gitaa alikuwa ameimba besi kanisani kwa miaka, kwa do-re-mi, bila kinanda wala ngoma, kitabu cha Nyimba za Kristo mkononi. Hata nyimba za Morogoro Jazz alizisikiliza redioni huku akizitaja noti kwa majina hayo hayo.

Fedha zilikuwa chini ya mlima, Makanya na Same. Mashamba ya mkonge yakilipa mwisho wa mwezi, dansi ilijaa. Bendi yake ilikopi Jamhuri Jazz na Atomic Jazz za Tanga, ikapenyeza na nyimba zake chache. Vyombo vilikuwa vya mfanyabiashara mmoja, na sehemu kubwa ya kiingilio ilikuwa yake pia.

Tatizo lilikuwa Jumamosi. Baba alingoja jua lizame ndipo ateremke mlima. Babu, mzee wa kanisa, alimkuta mlangoni.

“Sabato imekwisha, baba. Jua limezama.”

“Jua limezama, mwanangu. Mungu hajalala.”

Akateremka hivyo hivyo.

Wengi husema bendi za mikoani ziliuawa na kaseti na disko. Mimi, kwa hii yetu, naishtaki kamba ya nailoni. Miaka ya 1960 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Nailoni ikashusha bei, mashamba yakapunguza watu, na asiye na mshahara haingii dansini. Baada ya vita vya Kagera maduka nayo yakawa matupu. Baba alichemsha nyuzi za besi kwenye sufuria ya mama ili zirudishe mlio, na betri za redio zikaanikwa juani. (Mama hakuisamehe ile sufuria.) Mwishowe mwenye vyombo akaviuza.

Baba akarudi kanisani, akabatizwa upya, akapewa wanaume wa besi awafundishe. Lakini besi aliyoipeleka siyo aliyoondoka nayo. Ilitembea, ikachelewa kidogo, ikakaza mahali wengine wanapovuta pumzi. Wazee walihisi kuna kitu, wasiweze kukitaja, maana kila noti ilikuwamo kitabuni.

Kisha kikaja kinanda cha umeme, na mkono wa kushoto wa kijana mmoja ukachukua kazi ya wanaume sita. Baba hakugomba. Alikaa benchi la nyuma akaendelea kuimba besi yake.

Siku ya mazishi umeme ulikatika. Kwaya ikaanza kwa mdomo, na vijana wakakosa pa kuingilia besi ubeti mzima. Aliyewaokoa ni mpiga solo wa zamani, Mwislamu kutoka Gonja, kofia yake kichwani. Wimbo huo baba alikuwa amemfundisha ndani ya lori, wakirudi alfajiri kutoka dansini, na aliuimba kwa kuchelewa kidogo, vilevile.