Kungojea Kiangazi cha Mawindo

Mwezi huu nataka kuwaandikieni habari ya jambo ambalo huja kwetu kila mwaka pamoja na majira yake, yaani hamu ya kwenda mawindo. Mimi si mwindaji wa sifa, wala sikupata kuwa. Kazi yangu ni ukatekista. Lakini nalizaliwa juu ya genge linalotazama bonde la Yaeda, na mtu aliyezaliwa pale hawezi kusema kwamba haijui hamu hiyo.

Hapa Mbulu mvua za masika hukoma mwezi wa Mei. Mwezi wa Juni na wa Julai baridi huwa kali, na ukungu hukaa juu ya msitu wa Nou hata jua likapanda. Siku iliyo safi mtu huuona mlima Hanang upande wa kusini, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, umesimama peke yake kama mzee asiye na ndugu. Ndipo mahindi yanapokauka shambani, na majani ya bondeni hugeuka yakawa na rangi ya simba. Huko chini madimbwi hukauka moja moja, na wanyama waliotawanyika wakati wa mvua huanza kukusanyika penye maji yaliyosalia. Wazee wetu walijua hesabu hiyo pasipo kalenda. Serikali nayo huifuata iyo hiyo, maana msimu wa uwindaji kwa wenye vibali hufunguliwa mwezi wa Julai.

Nilipokuwa mtoto, dalili yetu ya kwanza ilikuwa podo la babu. Sisi Wairaqw ni wakulima na wafugaji. Wengi wetu hawakuishi kwa uta. Lakini babu yangu alikuwa na uta wa mti wa mkole, na upote wake ulikuwa wa kano za mnyama, na podo lake lilitundikwa ndani ya tembe juu ya meko, penye moshi, wadudu wasilitoboe. Miezi yote ya mvua hakuligusa. Sisi wajukuu hatukuthubutu kumwuliza siku, twalitazama tu. Jioni moja mavuno yakiisha kuingia ghalani, angesimama, akalishusha, akafuta masizi kwa kiganja, akaanza kuitazama mishale mmoja mmoja kwa kufumba jicho. Hapo usingizi ulitutoka sote.

Mwaka 1993, nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, aliniita kwa jina, akanipa uta mdogo na mishale mitatu. Akaniambia mambo matatu. La kwanza, usiutangulie upepo. La pili, usimpige jike mwenye mtoto. La tatu, usimpige mnyama usiyeweza kumfuata. Mama akanifungia unga katika kitambaa, akasema, “Mimi nitabandika maji jikoni keshokutwa jioni.” Maana yake alingojea nyama. Tangu Krismasi hatukuwa tumeonja nyama nyumbani, ila kuku mmoja wa mgeni.

Tulishuka genge kabla ya jogoo kuwika. Siku nzima hatukuona kitu ila nyayo na mavi makavu. Hata jua lilipokuwa linakaribia kuzama, babu akakaa chini ya mgunga kutoa mwiba mguuni. Mimi nikasogea mbele kidogo, nikamwona swala amesimama kati ya vichaka, ubavu wake umenielekea. Nalijua ya kuwa ni mbali. Nalijua pia kwamba mwanga hautatosha kumfuata. Lakini miezi yote ile ya kungojea ilikuwa imekusanyika mkononi mwangu, nami nikaachia. Mshale ukaingia nyuma, penye paja. Akaruka, akaenda.

Babu akaja akichechemea. Akatazama damu juu ya majani, tone hapa na tone pale, kisha akatazama jua. Hakunipiga wala hakunikaripia. Twalilala palepale pasipo moto. Nami usiku kucha nalisikia fisi wakiitana, nikajua wanamwita nani. Alfajiri tukafuata damu hata adhuhuri, tukakuta fuvu, kwato na kipande cha ngozi. Mshale wangu ulikuwa umevunjika kando yake. Babu akauokota, akanipa, akasema, “Njaa ya nyama hupita. Mnyama uliyemwumiza ukamwacha hapiti.”

Tukarudi nyumbani mikono mitupu. Maji ya mama yalikuwa yakichemka. Babu akatundika podo juu ya meko, wala hakulishusha tena mwaka ule. Hakumwambia mtu sababu, na kunyamaza kwake kulinichoma kuliko fimbo.

Sitaficha jambo lingine: babu hakuwa na kibali. Siku zile watu wengi wa huku walifikiri kwamba kibali ni cha wageni wenye bunduki. Leo hapana budi kusema wazi. Sheria ya wanyamapori iliyopo sasa, Na. 5 ya mwaka 2009, inamkataza mtu kuwinda pasipo kibali, na inakataza njia kama kuwafukuza wanyama kwa gari au kuwapumbaza kwa taa usiku. Twiga, aliye mnyama wa taifa, haruhusiwi kuguswa. Mtu akishikwa, faini na kifungo huiangukia nyumba yake yote.

Lakini uwindaji ulikuwako kabla ya karatasi, nao ulikuwa na sheria zake. Jirani zetu Wabarbaig wa Hanang walimheshimu kijana aliyeua simba kwa mkuki; jamaa zake walimpa ng'ombe, naye alivikwa mapambo kwa siku zake za heshima. Na huko Yaeda Chini wapo Wahadzabe, watu wapatao elfu moja na kidogo wakihesabiwa wote wanaokaa kandokando ya Ziwa Eyasi, ambao mawindo kwao si msimu wa furaha bali ndiyo maisha. Katika miaka ya 1960 Serikali ilijaribu kuwakusanya Yaeda Chini wawe wakulima, lakini wengi walirudi porini kwa mizizi, matunda, asali na nyama.

Mimi nalitumwa kufundisha upande huo. Mwaka wa kwanza nalikuwa na wanafunzi kumi na wawili wakati wa mvua. Kiangazi kilipoingia wakabaki wawili, mmoja wao kiwete. Nalikasirika sana. Nikamwendea mzee mmoja, nikamsalimu kwa lugha yake, “Mtana,” naye akanijibu, “Mtana.” Nikamwambia kwamba watu wake hawana bidii. Akasikiliza hata nikamaliza, kisha akaniuliza, “Mwalimu, mvua ya kwanza ikinyesha kwenu, wewe huwatoi watoto wako darasani wakapande?” Nikakosa la kujibu, kwa kuwa ndivyo nifanyavyo. Tangu siku ile nalibadili ratiba yangu. Kiangazi nafundisha wakati wa joto la mchana, watu wakiwa wamepumzika kivulini.

Kwa mzee huyo nalijifunza mengi. Sumu ya mishale yao hupikwa kwa utomvu wa mti mdogo wenye shina nene na maua mazuri. Huchemshwa hata ikawa nyeusi na nzito, ikapakwa nyuma ya chembe ya mshale, kisha ikafungwa kwa ukanda wa ngozi isikauke wala isimdhuru mtu. Mnyama mkubwa akipigwa, mwindaji hamfukuzi. Hutazama alikokimbilia, hurudi kambini polepole, akangoja saa nyingi, ndipo wakafuata nyayo yeye na wenzake. Nami nalipoyasikia hayo nikamkumbuka swala wangu. Kumbe kungoja si sehemu ya kabla ya mawindo tu. Kungoja ni mawindo yenyewe.

Basi, mwaka jana mwezi wa Julai, mwanangu wa kidato cha tatu alinijia jioni. Kulikuwa na vijana wenye pikipiki waliokuwa wakishuka bondeni usiku na tochi kali. Digidigi au swala akimulikwa machoni husimama kama amefungwa kamba, nao humpiga rungu. Alfajiri nyama huuzwa kwa siri, nusu imefichwa chini ya mkaa. Walikuwa wamemwita aende nao.

Akaniambia, “Baba, kwa usiku mmoja wanapata fedha usizozipata wewe kwa mwezi. Dada hana viatu vya shule.” Nikamwambia kwamba ni kosa na kwamba watafungwa. Akainamisha kichwa kwa adabu, kisha akasema, “Lakini, Baba, wewe ulikwenda mawindo ukiwa mdogo kuliko mimi. Nawe hukuwa na kibali.”

Wasomaji, neno la mtoto lililo kweli ni zito kulichukua. Sikumgombeza. Nikamsimulia habari ya swala, nikamtolea kile kipande cha mshale, ambacho nimekiweka sandukuni miaka yote. Akakishika, akanirudishia, asiseme kitu. Nikamwomba angoje hata Septemba tu, ili tushuke pamoja kwa yule mzee. Akakubali, ingawa niliona kwamba amekubali kwa heshima, si kwa moyo.

Mwezi wa Septemba shule ilipofungwa kwa siku chache, tukashuka. Mzee alituruhusu tukae nyuma yake penye maji, sisi hatuna silaha, yeye na uta wake, ndani ya uzio mdogo wa miiba na mawe. Usiku wa kwanza hatukuona kitu. Mbu walitula, na mwanangu akasinzia begani pangu, jambo ambalo hakulifanya tangu akiwa mdogo.

Usiku wa pili mwezi ulikuwa juu. Tandala dume akaja, pembe zake zimejisokota, akasimama muda mrefu pasipo kunywa. Nalisikia moyo wa mwanangu ukipiga. Mzee akavuta upote polepole. Nasi tukangoja sauti ya mshale. Haikuja. Akaulegeza upote kama alivyouvuta, na tandala akanywa, akaenda zake.

Asubuhi mwanangu akamwuliza, “Mzee, mbona hukumpiga? Alikuwa karibu.” Akajibu, “Alikuwa karibu, lakini alisimama vibaya. Angekwenda na mshale wangu mbali, na leo tungemkuta fisi.” Mimi nalikuwa sijamwambia mzee yule habari ya utoto wangu. Mwanangu akanitazama, kisha akatazama chini.

Siku ile mzee alipata pimbi wawili kwa mishale. Tena ndege anayewaonyesha watu asali akaja akipiga kelele mbele yetu, mzee akamjibu kwa mbinja, wakaenda wakiitikiana hata kwenye mbuyu. Nyama na asali zikagawanywa kambini, na fungu likapelekwa kwa bibi mmoja asiyeweza kutembea. Nasi tukapewa fungu, ingawa hatukufanya lolote ila kuumwa na mbu.

Jioni mzee akasema kwamba zamani tandala walikuja wengi, si mmoja. Ng'ombe wameongezeka, mashamba yameongezeka, na wanaokuja usiku na taa hawachagui. Mwaka 2007 kampuni ya wageni ilitaka bonde lile liwe la uwindaji wao, ikajiondoa baada ya watu kulalamika. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipewa hati ya kimila ya kumiliki ardhi yao kwa pamoja. “Hati ni nzuri,” akasema mzee, “lakini hati hailiwi, na wanyama hawajui kusoma mipaka.” Mwanangu akauliza, “Sasa utafanyaje?” Akajibu, “Kesho usiku nitakwenda tena penye maji.”

Tulirudi nyumbani, wala sikumwuliza mwanangu ameamua nini. Nalitamani sana kumwuliza. Juma la pili, usiku wa giza, nikasikia pikipiki inapanda njia ya kwetu. Ikasimama penye mlango wa boma, ikapiga honi mara mbili. Mke wangu akanishika mkono. Nalikuwa naweza kuinuka nikasimame mlangoni, lakini nikafikiri kwamba siku moja nitakuwa sipo, na pikipiki zitakuwapo. Nikalala kimya, nikihesabu pumzi. Honi ikalia mara ya tatu. Chumba cha mwanangu hakikutoa sauti. Kisha pikipiki ikageuka, ikateremka, mlio wake ukazama bondeni.

Asubuhi nalimkuta anakata kuni. Akanisalimu, “Shikamoo, Baba.” Nikamjibu, “Marahaba.” Hatukusema zaidi. Viatu vya dada yake tulivinunua mwezi wa Novemba, baada ya kuuza mbuzi mmoja, na watoto walimlilia mbuzi huyo siku mbili.

Sasa baridi imeanza tena, na kilele cha Hanang kinaonekana asubuhi. Jana mwanangu ameniuliza kama Septemba hii tutashuka kwa mzee. Nikamwambia angoje. Akacheka, akasema, “Najua, Baba.” Basi, wenzangu mlio na vijana nyumbani, msidhani kwamba hamu yao ya mawindo ni ubaya, ni hamu ile ile iliyowakosesha usingizi babu zetu. Wasimulieni mlipokosea ninyi wenyewe, na kama mnaye mzee anayejua kungoja, wapelekeni wakakae nyuma yake usiku mmoja.

Ni mimi mwenzenu, katekista wa Mbulu.