Kutoka Mudaka mpaka Tshivanga na mjomba mpiga picha



Ninyi mnaopita Mudaka siku ya soko mnajua vile barabara inavyobanwa pale. Ndizi upande huu, makala upande ule, gari za Kavumu katikati zinapiga honi, na mama mwenye beseni la samaki hasogei. Nyuma ya fundi wa cherehani kuna chumba kidogo chenye pazia la maua ya rangi. Hapo ndipo mjomba wangu anapigia watu picha.

Anapiga harusi, ubatizo, watoto waliopata diploma. Lakini kazi inayomlisha, anasema, ni ya kilio. Mtu anakufa usiku, asubuhi jamaa wanafika na kadi yake ya kura: «Utukuzie hii, tuiweke mbele ya sanduku.» Kwetu kadi ya kura ndiyo kitambulisho, na zile za 2023 mnazijua. Kwa wengi hata mwaka haukuisha, sura ikawa imefutika, kimebaki kivuli tu. Mwezi wa sita walimletea ya mama mmoja aliyezaa watoto tisa. Nyumbani hapakuwa na picha nyingine. Mjomba alihangaika na kompyuta, mwishowe akachora macho kwa kukisia. Binti mkubwa akaitazama, akasema: «Huyu si mama.» Akaanza kulia upya.

Tangu siku ile mjomba hakutulia. Mwezi wa nane, masomo yamefungwa, akaniambia: «Mwalimu, unisindikize. Nina deni huko juu.»

Tulipanda pikipiki mbili. Ukifika Miti, unaacha njia ya Kavumu na kupinda kushoto, unapandisha kati ya mashamba ya majani ya chai, baridi inaanza kuingia katika mikono. Mbele yako ni mlima Kahuzi, mita 3308. Tshivanga ndipo mlango wa parke. Mjomba alitaka nipaone kwanza, maana yeye anapaheshimu kama mwanafunzi anavyoheshimu nyumba ya mwalimu wake. Parke ya Kahuzi-Biega ilianzishwa 1970, na aliyesimama mbele kwa kazi hiyo, Mbelgiji Adrien Deschryver, alikuwa mpiga picha. Aliwazoesha gorila kuonwa na watu, akiongozwa na Watwa waliojua kusoma nyayo zao msituni.

«Ona nguvu ya picha,» mjomba alisema. Akanikumbusha gorila Maheshe, yule mkubwa ambaye watu wa huku wote wanasema ndiye aliyechorwa kwenye noti ya 50 000 zaïre ya 1991. Nilikuwa mtoto, ninaikumbuka mikononi mwa mama. Wawindaji walimuua Maheshe 1993, na mwaka ule ule pesa mpya ikatoka, milioni tatu za zamani kwa zaïre moja. Noti yake ikawa karatasi ya watoto kuchezea. Lakini jina limebaki. Uliza mtu yeyote mzima hapa Kabare, atakuambia Maheshe ni nani.

Hao Watwa walioongoza njia, na wenzao wote, walifukuzwa msituni miaka ile ya 1970, bila shamba lingine, bila malipo. Mwaka wa 1975 parke ikapanuliwa mpaka kama kilometa mraba 6000. Mwezi wa kumi 2018 baadhi yao walirudi kwa nguvu, na kuanzia hapo watu wamekufa, Watwa na walinzi wa parke pia. Miti ilikatwa, makala yakashuka sokoni. Sisi tulinunua. Mimi pia: gunia langu sikuliuliza limetoka wapi, niliuliza bei. Mwaka wa 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilitangaza uamuzi wake: Serikali ya Kongo ilivunja haki za Watwa, iwarudishie ardhi, iwalipe, na iwaombe msamaha mbele ya watu wote. Sijasikia mkubwa yeyote akiusoma uamuzi huo sokoni kwetu, na wakati wa kura walikuwa na vipaza sauti vya kutosha.

Ndipo tunafika kwenye deni. Mwisho wa 2023 mgombea mmoja alimlipa mjomba awapige picha Watwa wa kijiji fulani karibu na Miti, yeye amesimama katikati anagawa chumvi na sabuni. Picha zilizunguka katika simu zote. Wenye sura zao hawakupata hata moja.

Sasa mjomba alikuwa nazo katika bahasha, kumi na nne, amezichapa kwa franga zake. Na mgombea amemkata. Kwenye nyingine umebaki mkono wake tu, umeshika sabuni.

Wamama walizipokea wakicheka, wakinyang'anyana, wakitafuta nani ni nani. Wawili walikuwa wamekwisha kufa. Picha zao zilichukuliwa na watoto wao kimya kimya. Kisha bibi mmoja akamrudishia mjomba ya kwake.

«Koko, haikupendezi?»

«Hapa ninaomba chumvi,» alisema. «Nipige nyingine. Na mlima ule nyuma yangu. Huko ndiko nilizaliwa.»

Mjomba alikuwa amebeba lile pazia la maua, akaona haya hata kulifungua. Koko alikwenda kuvaa kitenge kingine, akasimama akigeukia kwetu, Kahuzi mgongoni. Lakini wingu lilikuwa limeshuka, mlima hauonekani kabisa. Tukangoja. Walituletea viazi vitamu vya kuchoma. Saa tisa wenye pikipiki wakaanza kunung'unika. Mjomba akapiga hivyo hivyo, mara tatu.

Juzi nilipita kwenye chumba chake Mudaka, akanionyesha. Mbili za kwanza ni weupe mtupu nyuma ya Koko. Katika ya tatu kuna mstari mwembamba wa mlima juu ya bega lake la kushoto. Amekwisha kuichapa, anatafuta mtu anayekwenda Miti.